Abiria Namba Moja

Masika wangu,

Nakusihi, mwanangu, yote utakayosoma humu yabaki kati ya macho yako na karatasi. Usimsomee mtu hata neno moja. Usimdokezee koko, bibi yako, kwenye simu, maana koko hawezi kubeba jambo peke yake. Atalifikisha kwenye kwaya kabla ya Jumapili. Usimwambie Dieudonné dereva, ingawa yeye alikuwepo. Na zaidi ya wote, usimwonyeshe Ustad Balbir, ambaye kesho anakuchukua kwenda kujifunza kazi kwenye garaji yake Arua, Uganda. Akilijua jambo hili vibaya, mimi nitapoteza kazi na wewe utapoteza nafasi. Unanijua. Mimi ni mtu anayefunga mlango, kisha anarudi kuusukuma aone kama umefungwa kweli.

Sitakuandikia habari za sabuni wala soksi wala dawa ya malaria. Hayo koko ameshayasema mara tatu, na bado ana usiku mzima. Ni saa kumi na moja jioni, mafundi wameondoka, niko kwenye meza yangu ya depo katikati ya filta na mikanda ya feni. Nataka kukueleza kwa nini Muzee Harbans hajakileta tena Kitabu chao Bunia. Wewe unadhani ni kwa sababu ya hali ya barabara. Ndugu zake wanadhani ni kwa sababu amezeeka na kuwa mkaidi. Ni kwa sababu yangu.

Nianzie mbali kidogo.

Muzee aliponipa kazi, wewe ulikuwa na miaka sita na mimi ishirini na minne. Baba yako alikuwa ameenda Bambu kutafuta dhahabu. Tukasikia ameipata, na pamoja na dhahabu amepata nyumba nyingine. Nilikuwa na diploma yangu ya biashara na woga mwingi. Wakati ule nilikuwa naenda kwenye chumba cha maombi cha mtu mmoja pale Ngezi aliyetaka tumwite Papa Nabii. Tulipiga magoti mlangoni kwake. Ukimwita pasta tu, hageuki. Nilikaa kwake miaka miwili nikingoja aniambie baba yako atarudi lini. Nilidhani mwalimu mkubwa hujulikana kwa urefu wa jina lake.

Basi wiki ya kwanza ya kazi, nikitaka kumfurahisha bosi mpya mwenye kilemba cha buluu, niliingia asubuhi nikainama kidogo, nikasema, "Bonjour, Guru."

Muzee alikuwa ameshika filta ya lori. Akaiweka chini.

"Umeniita nani, mama?"

"Guru. Si ndiyo heshima kwenu?"

Hakukasirika. Aliogopa, kama mtu uliyemvika nguo ya mwingine mbele ya mwenyewe. "Hapana, hapana. Jina ile haiko yangu. Mimi niko muuza filta. Niite Muzee. Siku nikikukasirisha, niite Kilemba, kama vile bale ba kule nyuma bananiita, banafikiri sisikii."

Kule nyuma, kwa mafundi, kicheko kilikatika ghafla. Kisha Dieudonné akasema kwa sauti, "Muzee, si siye tunakuita vile, iko bale ba pikipiki barabarani!" na kicheko kikarudi na Muzee yumo.

Ndivyo alivyoanza kunifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Kila siku saa nne, chai ya maziwa ilipoletwa, nilimuuliza neno moja, naye alijibu akiwa anahesabu boliti. Nakuandikia niliyoyashika kwa sababu huko uendako utayasikia kila siku, na sitaki uinamie mtu usiyepaswa kumwinamia, wala upite bila salamu mbele ya anayestahili.

Kwao Guru si kila anayefundisha. Walikuwepo walimu kumi, mmoja baada ya mwingine, zamani, kule Punjab kwa babu zao. Wa kumi alipofikia mwisho wake hakumweka mtu mahali pake. Aliweka Kitabu, kile ambamo maneno na nyimbo za waliotangulia zimekusanywa. Tangu siku hiyo Kitabu ndicho Guru wao, na mtu mwenye pumzi na tumbo hawezi kuitwa hivyo tena. Na humo ndani, Muzee aliniambia, wanapoimba Satguru, Mwalimu wa kweli, mara nyingi anayeitwa ni Mungu mwenyewe. Nilimuuliza neno lenyewe maana yake nini. Akasema wengi hulieleza kuwa ni yule anayekutoa gizani na kukuweka kwenye mwanga. "Maelezo mazuri," alisema. "Lakini bale banajua luga ya zamani banasema maana yake ni mzito. Kama vile hapa munasema, muzee huyu iko na uzito." Nilizipenda zote mbili. Siku zile nilikuwa nahitaji mwanga na uzito kwa pamoja.

Wapo wanaoitwa Sant, watu walionyooka mioyo, na Kitabu chao kinasifu sana kukaa pamoja na watu wa namna hiyo. "Lakini mutu akijiita Sant yeye mwenyewe," Muzee alisema, "shika mufuko yako na mukono mbili." Giani ni msomi wa maandiko. Granthi ni yule anayekitunza Kitabu na kukisoma mbele za watu. Bhai ni ndugu tu, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote: baadhi ya watu wao wa imani wanaokumbukwa kwa heshima kubwa kabisa, jina walilopewa ni ndugu. Hawakuona la kuongeza. Ustad ni mwalimu wa kazi ya mikono. Huku kwetu Waislamu humwita hivyo anayefundisha Kurani, lakini kule utamwita hivyo mtu mwenye grisi hadi kwenye viwiko. Na wao wote, mwenye maghala na mfagiaji, jina lao Sikh maana yake ni mwanafunzi. "Ndiyo sababu hatumalizi shule," alisema Muzee.

Polepole niliacha kwenda kwa Papa Nabii. Sikubadili dini, Masika. Unaniona kwenye kwaya. Lakini ukishamwona mtu anayeogopa kuitwa mkubwa, magoti yako hayapigiki tena ovyo.

Sasa nifike kwenye lile.

Unamkumbuka Mama Jasbir, mke wa Muzee, aliyekufundisha kukanda chapati ukamwaga unga wote. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, Muzee alitaka Kitabu kisomwe chote, mwanzo hadi mwisho, hapa Bunia alipofia. Mdogo wake, Balbir, alikileta kutoka Uganda pamoja na granthi mmoja mpole ambaye wote tulimwita Giani-ji kwa heshima. Chumba cha juu ya depo kilisafishwa. Nilikiona Kitabu kinapandishwa ngazi kimebebwa kichwani, na mbele yake Muzee, katika umri ule, ananyunyiza maji kwenye vidato ili vumbi letu jekundu lisimfikie Mwalimu. Kiliwekwa juu ya mito, chini ya kitambaa kilichotandazwa kama paa. Sisi wote chini, bila viatu, vichwa vimefunikwa. Kwa siku kumi Giani-ji alisoma, na mwingine akakipepea kwa upepeo wa manyoya meupe, kama unavyompepea mgeni aliyetoka mbali. Jioni kilifungwa kwenye nguo safi na kulazwa. Na kila mtu alikula: mafundi, wapita njia, wateja waliokuja kutafuta breki wakajikuta na sahani ya dengu. Dieudonné hakukosa hata siku moja. "Dini hii," alisema, "iko na akili. Inaanzia kwa tumbo."

Mimi nilikaa nyuma na kufikiri: nimewahi kumwona binadamu akitendewa hivi? Mimi je, nimewahi kumtendea hivi mtu yeyote?

Siku ya kukirudisha Kitabu Uganda, tulikuwa watano kwenye gari: Dieudonné kwenye usukani, Muzee, Balbir, Giani-ji na mimi, kwa sababu karatasi za mpakani Aru ni kazi yangu. Kitabu kilikuwa na kiti chake peke yake, juu ya mto. Nilipoandaa karatasi ya safari, nilimuuliza Muzee nikiandike wapi. Alijibu wazi, na nayasikia maneno yake mpaka leo: "Andika, kitabu cha dini, kimoja. Mbele ya serikali ni kitabu. Mbele yetu ni mwalimu. Usichanganye."

Nilichanganya. Sikukosea kwa uzembe, mwanangu, na hilo ndilo gumu kulieleza. Nilikaa mbele ya mashine ya kuchapa, nikaona aibu kumweka Mwalimu kati ya mizigo, baada ya jeki na kabla ya debe la mafuta. Na zaidi ya aibu, nilitaka Muzee aone kwamba mimi, karani wa Bunia, nimeelewa. Kwa hiyo kwenye orodha ya abiria, namba moja, nikaandika GURU. Chini yake nikawapanga wengine watano. Nikapeleka kugongewa muhuri. Jumla: watu sita.

Umbali wa saa chache barabarani palikuwa na kizuizi ambacho hakikuwepo wiki iliyotangulia. Siku zile kulikuwa na maneno ya watu wanaobebwa kwa siri kwenda porini, na wenye bunduki walikuwa na wasiwasi kuliko hata mimi. Mkubwa wao alichukua karatasi, akahesabu vichwa, akahesabu tena.

"Imeandikwa batu sita. Naona tano. Numéro un, Guru. Guru iko wapi?"

 Balbir alimtazama kaka yake, kaka yake akaitazama karatasi.

"Mumemushusha wapi? Mu pori? Nani aliandika karatasi hii?"

Nilisema, "Ni mimi, chef, mkubwa wangu." Ningeishia hapo. Kinywa changu kikaendelea chenyewe: "Lakini ni Muzee aliniambia niandike hivi. Mimi niko karani tu."

Muzee aligeuka akanitazama. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka hasira katika macho yale, ingenisaidia. Haikuwepo. Alinitazama kama anavyotazama injini inayokohoa, akisikiliza ni wapi panauma. Kisha akasema, "Ni kweli, chef. Ni mimi nilimwambia. Mama huyu iko na mutoto nyumbani, mumuache."

Wakamshusha. Wakamwambia atoe kilemba wakague. Kwao, Masika, kumvua mtu kilemba ni kama kumvua nguo sokoni. Hakungoja waguse. Alikifungua mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, akakikunja juu ya mkono wake, na nikaona nywele zake nyeupe zilizofungwa fundo dogo utosini. Akakaa kando ya barabara juani.

Mkubwa yule alitaka kukiona Kitabu. Muzee akamwambia akiwa palepale chini, "Unaweza kumuona. Lakini vua viatu, nawa mikono, funika kichwa."

"Béret inafaa?" aliuliza, akigusa kofia yake ya kijeshi.

"Inafaa."

Wenzake wakacheka, lakini alinawa kwa maji ya kibido, dumu letu dogo, na kuacha buti zake kando ya gurudumu. Giani-ji akafunua kitambaa.

"Kumbe huyu ndiye Guru?"

"Ndiye."

"Na ukimuuliza kitu, anajibuka?"

"Anajibu," Muzee alisema. "Lakini haiko na haraka kama weye."

Yule mtu akacheka kwa dhati. Nilidhani yamekwisha. Akatikisa kichwa. "Muzee, mimi nimeelewa. Lakini karatasi haijaelewa." Ilibidi wangoje jibu la wakubwa kwenye redio, na wakubwa hawakuwa na haraka pia. Tulikaa tangu saa tatu mpaka saa tisa. Mimi nilikaa kivulini ndani ya gari, karibu na Kitabu, na saa zile zote sita nilikuwa na nafasi ya kushuka na kusema maneno manne: si yeye, ni mimi. Maneno manne tu. Nina diploma.

Tulipofika Aru, Muzee alifunga kilemba chake mbele ya kioo cha gari.  Ndipo Balbir akasema, na akasema kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie, "Kaka, leo umetuweka mbele ya bunduki, sisi na Guru, kwa kiburi chako cha kuonyesha watu dini. Hatarudi Bunia tena. Si nikiwa hai." Mdogo anamwambia mkubwa, mbele ya dereva na karani! Muzee alimalizia kukaza ncha ya kilemba. "Sawa," alisema.

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Mama Jasbir, aliomba Kitabu kije tena. Ndugu zake walikataa. Siku hiyo nilipanda juu kumpelekea hati ya kusaini, nikamkuta kwenye chumba kile, peke yake, sakafuni, anasoma kijitabu kidogo cha sala ambacho hukiweka kwenye nguo nyeupe juu ya rafu. Mito ilikuwa pale pale, chini ya kile kitambaa, na juu yake hapakuwa na kitu. Nilishuka na hati yangu bila saini.

Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Muzee, siku ile ya barabarani..." Akanikata: "Mama Masika, filta za Canter zimefika?" Nikasema zimefika. Na nilishukuru, Masika. Huo ndio ubaya wangu kuliko hata ule wa kizuizini. Pale niliogopa, na woga huwa wa kwanza kusema. Lakini hapa hapakuwa na bunduki. Nilishukuru kwamba mzee yule amenibebea, nikamwacha aendelee kubeba.

Halafu ni yeye huyo aliyekuona umefungua kabureta ya pikipiki ya jirani na kuirudisha, akamwandikia mdogo wake. Jana Balbir alipofika, alikupima kwa macho, akanigeukia mimi. "Mtoto wa mama mwaminifu namna hii," alisema, "nitamfundisha kama wangu." Muzee alikuwa anahesabu boliti. Hakuinua uso. 

Sijakuelewesha bado kwa nini nimekaa hapa mpaka jua linashuka nyuma ya paa za Ngezi. Nilipoanza, nilikusudia kukupa barua mbili: hii yako, na nyingine yenye ukweli wote, umpe Balbir baada ya mwezi, utakapokuwa umeshazoeleka, atakapokuwa hawezi kukurudisha kirahisi. Nilishaandika nusu ya ile ya pili. Kisha nikajiona. Nilikuwa naandika orodha tena. Nilikuwa nakuweka wewe namba moja, ushuke ukae juani, nami nibaki kivulini.

Nimeichana.

Kesho saa kumi na mbili, gari likiwa mbele ya depo na mkoba wako ukiwa bado mikononi mwangu, nitamwambia Balbir mwenyewe, Muzee akisikia. Nitasema maneno yale manne, na mengine yatakayohitajika. Anaweza kusema mtoto wa mwongo haingii kwenye garaji yake. Nimelipima hilo kama ninavyopima kila kitu, toka juu, toka chini. Ukikosa nafasi hii kwa ajili yangu, utakuwa na haki ya kunichukia, nami nitakutafutia ustad mwingine mpaka soli za viatu ziishe. Lakini siwezi kukupeleka ukajifunze kazi kwa mtu juu ya neno "mwaminifu" ambalo si langu. Umri wangu wote nimetafuta mwalimu wa kunitoa gizani, na nilikuwa naye hapa hapa, anauza filta, anakataa jina.

Barua hii nitaishona ndani ya mfuko wa kifua wa salopeti yako mpya, ile nguo ya kazi, kwa uzi mweusi, baada ya kusema, si kabla. Balbir akikataa, sitaishona. Kwa hiyo kama umekata uzi na unasoma, ujue alikubali, na wakati unaondoka ulikuwa mtoto wa mama aliyesema.

Nimesoma tena mwanzo, pale nilipokuomba siri. Sitaufuta. Nataka ujue nilianza kuandika nikiwa mtu gani.

Huko Arua, vua viatu wanapovua, funika kichwa, kula chini na wenzako, na uombe kwa lugha uliyozaliwa nayo; hakuna atakayekuzuia. Balbir mwite Ustad, na umwite hivyo kwa moyo, kwa sababu kazi anaijua.

Kunipata ni hivi. Dieudonné hupita Aru, upande wetu wa mpaka, kila Alhamisi. Yuko kwenye maegesho ya malori kabla ya saa sita, mpe barua mkononi, usimwachie mtu amfikishie. Ukija mwenyewe, njoo moja kwa moja depo. Ukikuta meza yangu ina karani mwingine, usilie, usimuulize Muzee mbele ya wateja. Shuka Ngezi nyumbani kwa koko. Na kama koko naye amehama, uliza mafundi wowote barabara ile. Usitaje jina langu, huenda hawalijui. Uliza alipo yule mama aliyemwandika Mwalimu kwenye orodha ya abiria. Kuanzia kesho asubuhi, kila mtu atakuonyesha.

Mama yako